Kiti cha Kushoto

Benako huamshwa na injini. Kabla hakujapambazuka malori ya kwenda Kigali yanaanza kunguruma mstari mzima, mama lishe wanapita na chapati na chai ya maziwa, na matingo wanagonga matairi kwa chuma kusikiliza kama kuna lililolegea upepo. Mimi nilipewa lifti Nyakanazi, jana yake, na dereva wa Dar es Salaam aliyepakia ngano bandarini. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi za kutosha kuitwa Mzee na utingo wake, nami nikafuata. Mpaka wa Rusumo sikuwahi kuuvuka. Nilikaa kiti cha kushoto, dirishani, kama mgeni wa heshima. Utingo akajilaza kwenye kitanda nyuma yetu.

Kutoka Nyakanazi nilikuwa nimeshamsoma Mzee. Si dereva wa fujo. Alijua kwamba kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba lori kama lake halitakiwi kuzidi 80 popote Tanzania. Ila sheria ile aliikuta pale tu alipomkuta mtu wa kuisimamia. Lori linalokuja linapiga taa mara mbili, maana yake trafiki yuko mbele na tochi ya kupimia mwendo. Mzee anashusha mguu, tunapita kijijini kwa upole, trafiki wa nguo nyeupe anapungiwa mkono, na kijiji kikiisha upole nao unaisha. Nilimuuliza akipigwa tochi inakuwaje. "Elfu thelathini," alisema, "kwa kosa moja. Lakini si anakukamata akikuona?" Hakusema kwa kiburi. Alikuwa ananieleza jinsi kazi ilivyo.

Rusumo yenyewe iko bondeni, na maporomoko ya mto Kagera unayasikia hata injini ikiwa inawaka. Daraja la sasa, la mita 80, lilijengwa kwa msaada wa Japani, na marais Magufuli na Kagame walilizindua Aprili 2016 pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Anayeingia Rwanda anamaliza karatasi zote upande wa Rwanda. Hagongewi mihuri mara mbili kama zamani. Pale dirishani waliangalia leseni, kadi ya gari na ile kadi ya njano ya bima inayovuka mipaka. Saa zetu zikarudi nyuma saa moja. Na barabara ikahama upande.

Mpaka Vita Kuu ya Kwanza kingo zote mbili za mto huu zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Baada ya vita Rwanda ikakabidhiwa Ubelgiji, Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza, na kila mkoloni akaleta upande wake wa barabara kama alivyoleta lugha yake ya ofisini. Walioamua walishaondoka zamani. Dereva wa ngano ndiye anayelipa.

Analipa hivi. Usukani wa lori la Kitanzania uko kulia. Ukiendesha kushoto, dereva anakuwa katikati ya barabara na anaona yanayokuja. Ukihamia kulia, anakuwa upande wa mtaro. Mbele yake kuna tela la mwenzake, na mbele ya tela hilo haoni kitu hata ajinyooshe shingo vipi. Katikati ya barabara sasa amekaa abiria.

"Mwandishi, samahani, hama," Mzee aliniambia tulipokuwa tunatoka forodhani. "Hicho kiti sasa ni cha kazi."

Nikapanda kitandani, utingo akashuka kitini. Yule kijana niliyemdhania mlalaji alibadilika kabisa. Alivuta mkanda uliokuwa umejikunja nyuma ya kiti, akafuta kioo cha pembeni kwa kiganja, akakaa mbelembele. Kupanda milima ya Kirehe tulikuta lori la mafuta linatambaa. "Bado," utingo akasema. "Bado. Baiskeli. Bado, kuna kona. Haya, tupu! Ingia, Mzee, ingia." Na Mzee, aliyezeeka barabarani, akaingia kwenye njia asiyoiona kwa neno la kijana ambaye huenda hata leseni hana. Mimi nilishika chuma cha kitanda. Sijui niseme nini kuhusu sheria inayoruhusu jambo hilo, ila bila yake mizigo ya Rwanda isingefika. Magari madogo ya usukani wa kulia, haya tunayoagiza Japani, Rwanda haitaki yaandikishwe kwake. Malori inayavumilia kwa kuwa inayahitaji. Miaka kadhaa iliyopita serikali yao iliwahi hata kufikiria kuihamishia nchi nzima kushoto, ifanane na majirani. Ukiiona milima ile na kona zake unaelewa ugumu wa uamuzi huo.

Kuovateki kwenyewe kulikuwa kwa nadra, kwani mwendo wote tulikwenda 60. Tangu 2015 mabasi na malori ya Rwanda yanatakiwa kufungwa vidhibiti mwendo vya kiwango hicho. La kwetu halikuwa na kidhibiti cha Rwanda, lakini Mzee alikuwa ameganda kwenye 60 kana kwamba mguu wake ndio umefungwa. Kibungo tukapita, Kayonza tukapita, barabara laini, tupu mahali pengi, ya kumtamanisha yeyote. Nikamuuliza mbona hapigi taa na hapigiwi.

"Kumpigia nani? Sofia hana kofia."

Sofia ndilo jina ambalo Wanyarwanda wameipa kamera ya mwendo. Nyingine zimesimama kwenye nguzo, nyingine zinahamishwa. Hazijui Kiswahili, hazina shida ya ada ya mtoto, na ujumbe wa faini unaingia kwenye simu ya mwenye gari. Madereva wa huko nao wanaonyana, si malaika. Lakini kuonyana kunasaidia pale ambapo unajua kamera imewekwa wapi.

Nimesikia mara nyingi, hasa kwenye vijiwe vya Dar, kwamba Wanyarwanda ni watiifu kwa asili na sisi ni wagumu kwa asili. Sikubali tena. Asubuhi ile nilimwona mtu mmoja, lori moja, mzigo uleule, akigeuka kuwa dereva mwingine ndani ya mita 80. Tabia haivuki daraja kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni uhakika wa kukamatwa. Pikipiki zilinionyesha vilevile. Upande wetu, Ngara, nilihesabu mishikaki mpaka nikachoka: dereva, mama, watoto wawili, na ndoo. Rwamagana kila pikipiki ilikuwa na abiria mmoja, na abiria yule alikuwa na helmeti. Si kwamba mama wa Rwamagana hana watoto wawili. Anatembea nao kwa miguu pembeni, ama anachukua pikipiki ya pili na kuilipia. Usalama ule una bei, na nadhani walio wengi wanaousifu kutoka mbali hawajaulizwa kama wangeilipa.

Tulifika bandari kavu ya Masaka, pembezoni mwa Kigali, jua likiwa limeanza kuinama. Utingo alikuwa amepauka macho kwa kukodolea barabara, akaomba soda ya baridi. Nikamuuliza Mzee kama akirudi Ngara ataendesha hivihivi.

Alicheka. Kisha akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa bosi wake wa Dar, wa wiki iliyotangulia: gari limezidi 80 kati ya Singida na Nzega, jieleze. Kumbe tela lilikuwa limefungwa kifaa cha setilaiti.

"Trafiki unaweza kumwomba," alisema. "Huyu mpaka saa nane za usiku ananipigia."