Machozi ya Msomaji

Wapo wenzetu shuleni wasemao kwamba kulia kwa sababu ya kitabu ni udhaifu, na kwamba mvulana wa kidato cha tatu akionekana anafuta machozi maktabani hana budi kuchekwa na bweni zima. Mimi nimekwisha kuchekwa hivyo, wala sikukasirika. Lakini naona yafaa nieleze hoja zangu hapa, ili wasomaji wapime wenyewe.

Kitabu kilichoniliza ni kidogo: Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu. Aliutunga utendi huo mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa, na baada ya miaka kama miwili akafariki dunia. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni anamwita binti asogee karibu, achukue wino na karatasi, apate kumwachia wosia. Kisha anamfundisha dini, adabu, na namna ya kuishi na mume na jamaa. Mausia mengine, hasa yale ya mke kumtii mumewe, hubishaniwa sana siku hizi. Hata darasani kwetu tulibishana mpaka kengele ikalia.

Lakini mimi sikulizwa na mausia. Nililia pale penye wino na karatasi. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita, naye hakujua kusoma wala kuandika. Siku zake za mwisho alimwita dada yangu akamwambia kwamba shati langu la shule limebaki na vifungo viwili, basi atafute vingine ashone. Maneno hayo hayakuandikwa popote. Nilipomsoma mama huyu wa miaka zaidi ya 160 iliyopita, nilifahamu kuwa mama yangu naye aliacha utendi, ila alikosa karani.

Marehemu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alifiwa na mkewe Amina, akamwombolezea kwa shairi. Tena aliwaandikia watoto wake tenzi za mausia: Hati kwa bintiye, na Adili kwa mwanawe wa kiume. Nikiziweka kazi hizo pamoja, namwona mtu aliyelia huku mkono wake ukiendelea kuandika.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, huzuni ni ya namna nyingine. Pale baba anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani kipigo kitamlinda. Binti anakua hajui kujilinda, na mwisho wake ni mchungu. Kitabu hicho kiliwahi kukatazwa mashuleni, kisha baadaye kikasomwa madarasani. Wazazi wetu mnaosoma ukurasa huu, nawaomba kwa heshima mkisome.

Katika vitabu hivi nimeona jambo moja. Mwandishi hamwamuru msomaji alie. Anamwonyesha wino, karatasi, au barua, na msomaji analeta msiba wake mwenyewe. Kwa hiyo wawili wakisoma ukurasa mmoja, mmoja aweza kulia na mwenziwe akapiga miayo, na wote wawili wasiwe na kosa. Huwezi kujua mwenzako ameketi na nani katika ukurasa ule.

Labda mtu atauliza, machozi hayo yana faida gani? Mimi nitajibu kwa lililonitokea. Likizo iliyopita nilinunua daftari, nikamwomba dada anisimulie kila neno la mama alilolikumbuka: jinsi alivyotutania, alivyotugombeza, dawa alizozijua, madeni aliyoyalipa. Alisema jioni tatu, nami nikaandika kurasa kumi na moja. Mara nyingine tulicheka, mara nyingine taa ilizimwa kabla hatujamaliza, kwa kuwa dada hakuweza kuendelea.

Basi anichekaye na acheke, daftari ninalo. Nanyi wenzangu ambao wazazi wenu wangali hai, msingoje ugonjwa. Kalamu na karatasi ni vitu rahisi sana siku hizi.