Habiba, ya ndovu yaache kazini

Mpwa wangu Habiba,

Salamu nyingi kutoka Garsen. Sisi wazima, mto umejaa, na maembe yameanza kuiva. Mama yako amekaa hapa ubavuni, anasoma kila ninaloandika, basi jua haya ni maneno yetu sote wawili.

Habari za kazi yako ya Tsavo zimetufurahisha. Ati setilaiti inakuletea mahali ndovu alipo, na kihisi kilicho ndani ya kola ya shingoni mwake kinakuonyesha kama anatembea au ametulia! Enzi zangu za uaskari wa wanyamapori tulifuata nyayo na kinyesi. Kikiwa bado cha moto, tulishusha sauti. Lakini giza likiingia, ndovu alituacha tukikisia tu.

Ndiyo maana nilivutiwa na habari za Morgan, dume aliyevishwa kola hapa hapa delta ya Tana mwishoni mwa 2015. Mwaka 2016 alishika njia hadi Somalia, mwendo wa kilomita zaidi ya 200. Usiku akitembea, mchana akijificha vichakani. Alivuka mpaka, akakaa kidogo, akarudi. Vita na majangili walikuwa wameifanya njia hiyo isahaulike kwa miaka kama 20.

Sasa fikiri, mwanangu. Morgan aliwakwepa binadamu, lakini kola ilijua kila kichaka alicholala. Maficho kama hayo leo yamo mikononi mwako. Hiyo ni amana. Huko India, mwaka 2013, mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyopokea taarifa za kola ya chui-milia wa hifadhi ya Panna. Jangili wa siku hizi haamki alfajiri kutafuta nyayo. Anamtafuta mwenye mdomo mwepesi.

Kwa hiyo usipige picha ya ramani ukaituma kwenye kundi la simu, hata kwa kujivunia. Rafiki asijue, mchumba asijue. Mimi mwenyewe nikikuuliza ndovu wako wapi, nijibu, "Wazima, mjomba," yatosha.

La pili. Watafiti waliofuatilia ndovu jike wawili Botswana walitangaza mwaka 2017 kwamba ndovu hao walilala wastani wa saa 2 tu kwa siku. Basi ukiona kola imetulia kutwa nzima, usijipe moyo kwamba amesinzia. Waite askari haraka, nawe ubaki kambini. Penye mzoga huenda pana bunduki, na ushujaa usioagizwa na mkubwa wako hatuutaki.

Mama yako anaongeza: kula vizuri, na usikeshe mbele ya kompyuta.

Ukija likizo tutakaa barazani utusimulie ya mwaka jana mpaka tuchoke. Ya leo yaache kazini.

Mjomba wako akupendaye.