Deni la Dinari Mia



Wapendwa waamini, katika Misa Takatifu kuna nafasi moja fupi ambayo kutoka altareni huonekana wazi kuliko mnavyodhani. Ni pale tunapoalikwa kutakiana amani. Watu hugeuka huku na huku, hushikana mikono, na watoto hufurahi kwa sababu angalau wameruhusiwa kusogea. Katikati ya furaha hiyo tunawaona wawili wa benchi moja, kila mmoja amegeukia upande wake, akinyoosha mkono kwa mtu wa mbali na kumruka aliye karibu. Dakika chache baadaye wote wawili wamo katika mstari wa kwenda kumpokea Bwana.

Soweto yetu hii ya Mbeya ni mtaa wa watu waliobanana. Nyumba zinatazamana, biashara za Mwanjelwa na Kabwe zinatukutanisha tangu alfajiri, na majina yaliyomo katika daftari la kikundi cha kukopeshana ndiyo yale yale ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Kwa hiyo anayetuumiza ni nadra kuwa mgeni. Ni ndugu aliyeuza kiwanja cha marehemu baba bila kuwashirikisha wenzake. Ni mwanakikundi tuliyemdhamini, akatoweka na mkopo, makochi yetu yakabebwa mchana kweupe majirani wakitazama. Ni mama wa nyumba ya pili aliyeeneza neno kwamba tumemroga mtoto wake. Neno hilo, kwa upande wetu huu wa nchi, si la mchezo. Limekwisha kumwaga damu ya wazee wasio na kosa.

Jumanne ya wiki ya tatu ya Kwaresima Kanisa hutusomea Injili ya mtumishi asiye na huruma (Mt 18:21-35). Petro anauliza asamehe mara ngapi, na Bwana anamjibu kwa hesabu isiyohesabika, kisha anatoa mfano wa wadeni wawili. Mmoja anadaiwa talanta elfu kumi, anasamehewa zote. Akitoka nje anamkaba koo mwenzake anayemdai dinari mia.

Mara nyingi dinari mia hizo huhubiriwa kana kwamba ni fedha ya kununulia pipi. Hapana. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama tunavyoona katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Dinari mia ni siku mia za jasho. Mwulize fundi anayesimama asubuhi akingoja kuitwa kazini: ujira wa siku mia ni ada ya mtoto, kodi ya nyumba na mahindi ya akiba. Ni deni la kweli, na mtumishi yule alikuwa na haki ya kulidai. Bwana hakulidharau. Alichofanya ni kuliweka kando ya deni jingine. Talanta moja ilikuwa takriban dinari elfu sita. Talanta elfu kumi ni ujira wa siku milioni sitini, muda ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuuishi.

Tunalisema hili kwa sababu wapo waliofukuza msamaha mioyoni mwao kwa kudhani kwamba kusamehe ni kukiri kuwa hawakuumizwa. Mtu aliyedhulumiwa nyumba anaambiwa, “Samehe, ni jambo dogo.” Si dogo, na anayemwambia hivyo anamwongezea jeraha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, inakiri kwamba haiko katika uwezo wetu kutousikia tena uchungu wa kosa wala kulisahau. Lakini moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu unaweza kuugeuza uchungu huo kuwa huruma na sala ya kumwombea aliyekosa. Kwa hiyo anayesali kwa ajili ya mdeni wake huku bado anaumia hajashindwa kusamehe. Amekwisha kuanza.

Wala kusamehe hakufungi mlango wa baraza la kata au wa mahakama. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Tarehe 27 Desemba 1983 alikwenda gerezani akaketi na Mehmet Ali Ağca, aliyempiga, baada ya kuwa amekwisha kutangaza kumsamehe. Baba Mtakatifu alirudi Vatikano, na Ağca alibaki gerezani. Alipata msamaha wa serikali ya Italia mwaka 2000.

Watakaosema kwamba Roma ni mbali, basi tuwapeleke karibu. Mtapanda basi hapa Mbeya, mtapita Makambako na Njombe, mtashuka Songea.

Kila tarehe 27 Februari Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji. Siku hiyo mwaka 1906 serikali ya Wajerumani iliwanyonga viongozi na wapiganaji wengi wa Wangoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Kwa upande wa Kanisa nako kulikuwa na makaburi. Tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa Mikukuyumbu akiwa safarini kutoka pwani kuelekea Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata misioni ya Peramiho ilichomwa moto, na Padre Franziskus Leuthner akauawa.

Historia ya Kanisa ikiishia hapo, sisi ni wadai tu. Lakini haikuanzia hapo. Kabla ya vita, mmisionari wa Peramiho alikuwa ameichoma moto nyumba ya mahoka ya Mputa, yaani mahali ambapo ukoo wake uliwaheshimu marehemu wao. Bila shaka aliyefanya hivyo alidhani anamtumikia Mungu. Mputa aliona kaburi la baba zake likidharauliwa na mgeni aliyekuja nyuma ya bendera ya wageni.

Sasa sikilizeni. Wale waliohukumiwa walipokuwa kifungoni wakingoja kitanzi, Padre Johannes Häfliger wa misioni ya Kigonsera aliingia kwao akawafundisha, na wengi wao wakabatizwa kabla ya kunyongwa. Wenzake walikuwa wameuawa, naye angeweza kukaa nyumbani kwake. Alikwenda. Wapo wanaoona hapo neema tupu. Wapo pia, hasa vijana wetu waliosoma historia, wanaoona Kanisa lililosimama kando ya mti wa kunyongea na maji ya ubatizo mkononi. Sisi tunaona vyote viwili, na hatudhani kwamba imani inatutaka tufumbe jicho moja. Maondoleo ya dhambi waliyoyapata watu wale yalikuwa ya kweli, kwa maana sakramenti ni ya Kristo. Lakini hatujasikia kwamba siku zile kulikuwa na mtu aliyemwomba Mputa msamaha kwa ajili ya ile nyumba. Msamaha ulisafiri njia moja tu.

Ilichukua muda mrefu uanze kurudi kwa njia ya pili. Tarehe 12 Machi 2000, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ya Mwaka wa Jubilei Kuu, Yohane Paulo wa Pili aliongoza ibada ya kumwomba Mungu msamaha katika Basilika la Mtakatifu Petro, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni yale ya wana wa Kanisa dhidi ya haki za mataifa na dhidi ya tamaduni na dini za watu. Tuliosoma habari ile tukiwa tunaifahamu Peramiho tulijua kwamba nyumba ya mahoka imo ndani yake, ingawa haikutajwa kwa jina. Kisha tarehe 1 Novemba 2023, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu wa watu wa pale. Vita vile na njaa iliyofuata, baada ya mashamba na maghala kuteketezwa, huhesabiwa kuwa viliua watu hadi 300,000.

Alikutana na wazawa wa Nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa mwaka 1906 na ambaye kichwa chake inaaminika kilichukuliwa Ujerumani. Walimpokea kwa heshima. Wakaendelea kudai kichwa cha babu yao. Naye aliahidi kwamba kitatafutwa, bila kuahidi kwamba kitapatikana. Wenzetu wa Iringa wanaelewa kungoja kwa namna hiyo: Mkwawa alifariki mwaka 1898, na fuvu lake lilirudi Kalenga mwaka 1954. Tunaipenda picha ile ya wazee wa Songea, ya mkono uliopokea mkono wa mgeni wakati mdomo ungali unadai. Huo ndio msamaha tunaouona mgumu pale benchini kwetu.

Mpaka hapa tumesema juu ya kumsamehe mwingine. Yuko mdeni mwingine ambaye kwa nje hatambulikani, maana anampa kila mtu mkono wa amani, anachangia harambee, anafagia kanisa. Asichoweza ni kujisamehe. Yanayosemwa kitubioni yanabaki kitubioni, na hatutayagusa. Lakini kila padre anajua kwamba wapo Wakristo wanaorudi Pasaka baada ya Pasaka na dhambi ile ile iliyokwisha kuondolewa zamani, na kila mara wanaisema kana kwamba damu ya Kristo iliifikia dhambi hiyo ikaishiwa nguvu.

Wengine wanajilaumu kwa jambo ambalo halikuwa dhambi. Mama aliyedhani homa ya mtoto ni ya kawaida, akangoja mpaka asubuhi, na asubuhi haikumkuta mtoto. Baba aliyemtuma kijana wake dukani, kijana akagongwa barabarani. Hawa wana huzuni, na huzuni ni haki yao, lakini hawana la kuungama. Wanahitaji kuambiwa ukweli huo na mtu wanayemwamini, tena zaidi ya mara moja.

Lakini wapo waliotenda dhambi kweli. Hapa tutaje jambo moja waziwazi, kwa sababu ukimya wetu umewaacha wengi nje. Wapo wanawake waliotoa mimba, na wanaume waliowalazimisha au waliowapa fedha ya kwenda kutoa, ambao kwa miaka mingi hawakaribii kitubio. Baadhi waliwahi kusikia kwamba padre wa kawaida hawezi kuwaondolea. Tangu Baba Mtakatifu Fransisko alipotoa barua yake Misericordia et misera mwezi Novemba 2016, kila padre anayeungamisha anayo mamlaka ya kuiondoa dhambi hiyo. Dhambi ni nzito ile ile. Mlango ndio uliowekwa karibu, kwa hiyo asiwepo anayepita mbali kwa kudhani umefungwa.

Na anayesema, “Mungu amenisamehe, lakini mimi siwezi kujisamehe,” tunamwomba aitazame tena hesabu ya dinari. Hakuna mdeni anayeweza kujiandikia risiti. Risiti huandikwa na anayedai, na mdeni huipokea. Kujisamehe kwa Mkristo ni kuipokea risiti hiyo na kuacha kuirudisha. Anayeirudisha kila mwaka anadhani ni mnyenyekevu. Kumbe amejiweka juu ya kiti cha hukumu kilicho juu kuliko cha Mungu.

Alessandro Serenelli ni mfano wetu hapa. Tarehe 5 Julai 1902, huko Italia, alimchoma kisu Maria Goretti, msichana wa miaka 11, alipokataa kutenda naye dhambi. Maria alifariki siku iliyofuata akiwa amekwisha kumsamehe. Kwa hiyo siku Alessandro alipoingia gerezani kwa kifungo cha miaka 30, risiti yake ilikuwa imekwisha kuandikwa, na ilikaa miaka bila kupokewa, kwa maana mwanzoni hakutaka hata kutubu. Ilikuwa baadaye, baada ya kumwona Maria katika ndoto akimpa maua, ndipo moyo wake ulipolainika. Alipotoka, baada ya miaka 27, alikwenda kwa Assunta, mama wa Maria, akamwomba msamaha. Mama huyo akampa, na Sikukuu ya Noeli walipokea Ekaristi Takatifu wakiwa pamoja. Maisha yake yaliyobaki aliyaishi kwa Wakapuchini akilima bustani, mpaka alipofariki mwaka 1970. Hakusahau alichokifanya, na hakukimbia jina lake. Alilima.

Hayo Kanisa huyaita malipizi, na tunahisi kwamba siku hizi tumeyapunguza mno, mpaka yamekuwa Salamu Maria tatu tu. Aliyekula fedha ya kikundi, akaungama, aanze kurudisha hata kidogo kidogo. Aliyemsingizia mzee uchawi arudi katika jumuiya ile ile alikolisemea neno hilo, akalikanushe mbele ya wale wale. Ni vigumu, na wengi watapendelea rozari kumi.

Kwaresima hii tunakaa kitubioni kila Jumamosi alasiri, na siku nyingine kwa atakayebisha hodi nyumba ya mapadre. Aliyekaa miaka mingi mno asiogope kwamba hajui aanzie wapi. Aseme tu kwamba ni miaka mingi. Sala ya kutubu, kama ameisahau, tutaisali pamoja naye polepole, neno kwa neno.