Kwingine, Mmoja

Mwaka 1566 Pieter Bruegel alichora sensa ya Bethlehemu, na Bethlehemu yake imejaa theluji. Paa ni nyeupe, maji yameganda, watoto wanateleza kwenye barafu, nguruwe anachinjwa na mama mmoja anakinga damu. Ni kijiji cha Flanders, kwao Bruegel. Watu wamejazana mbele ya baa, ndiyo, baa, waandikishwe na walipe. Ukutani kuna nembo ya tai mwenye vichwa viwili, ya ukoo wa Habsburg uliokuwa ukiwatawala.

Mariamu na Yusufu huwaoni mara moja. Mimi niliwatafuta kwenye simu, ndani ya matatu ya kutoka Ruiru kwenda Thika, nikivuta picha kwa vidole viwili. Nilitarajia mwangaza fulani kichwani. Wapi! Ni mwanamke aliyejifunika juu ya punda, na fundi mwenye msumeno begani. Hakuna anayewageukia. Kila mtu ana shida zake.

Ukitoka Thika ukapanda hadi Murang'a, kuna kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ukutani mwake, mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora maisha ya Yesu. Yesu wake ni Mwafrika, na anazaliwa katika boma la Kikuyu. Njau alifanya alichofanya Bruegel: aliileta Bethlehemu kwa watu waliojua serikali ikija kukuhesabu ina maana gani. Wakati wa hali ya hatari wakoloni walikuwa wamewahamishia watu wa huko katika vijiji vya lazima. Hao hawakuhitaji kuelezwa Herode ni nani.

Sensa ninayoijua mimi ni ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Serikali iliamuru baa zifungwe saa kumi na moja jioni ili watu wapatikane nyumbani. Nilikuwa nimetoka Ruiru, nikaenda kulala kwa mathe huko Makongeni, kwa sababu alitaka tuhesabiwe pamoja. Karani alikuja na tableti yake, kijana mpole, kiatu kimejaa vumbi. Akauliza nani analala hapa leo.

Mathe akataja jina lake, langu, halafu la kaka yangu.

"Yuko wapi, mama?"

"Kitanda chake ni hicho."

Kaka aliondoka mwaka 2017 kwenda kutafuta kazi. Simu ililia miezi michache, kisha ikawa haipatikani. Hadi leo, mathe akiwa stendi ya Thika, anakagua uso wa kila makanga.

"Mama, hapa tunaandika waliolala tu."

Mathe akanyamaza. Mimi pia. Karani akaendelea: dini, elimu, choo, maji, redio. Halafu akafika kwenye maswali ya wanawake. Umezaa watoto wangapi? Wawili. Wangapi wanaishi nawe? Wangapi wanaishi kwingine? Wangapi wamefariki?

Hapo nikaangalia sakafu. Miaka miwili nyumba yetu ilikuwa imelikwepa swali hilo. Jamaa hawakuuliza, kanisani hawakuuliza, sisi wenyewe hatukuulizana. Sasa mtu tusiyemjua alikuwa anataka nambari, na lazima ingie kwenye kisanduku kimoja.

"Kwingine," mathe akasema. "Mmoja."

Karani akabonyeza, akatushukuru, akaenda mlango unaofuata.

Wengine husema Bruegel aliwaficha Mariamu na Yusufu kwa utani. Mimi naona aliwaweka pale pale ambapo serikali ingewaweka: kwenye umati, nambari kati ya nambari. Karani wa baani atawaandika bila kuinua macho. Kuwatambua ni kazi ya mtu aliye tayari kupitia uso mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kuruka hata mmoja.