Daudi Aliuliza Mara ya Pili

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi na kaka yangu tuligombana, na kilichotugombanisha ni shamba lenyewe, ekari mbili alizotuachia marehemu baba.

Siku moja nilifika nyumbani kutoka Nairobi, nikakuta mtu nisiyemjua akipanda viazi. Kumbe kaka alikuwa amelikodisha shamba lote kwa miaka minne bila kuniambia neno! Nilirudi mjini jioni ile ile, nikiwa nimekata shauri kumshtaki. Miaka mitatu kabla ya hapo jirani alikuwa amesogeza mpaka wetu. Nilimwomba Mungu, nikaenda kwa chifu, tukashinda. Basi mara hii sikuona haja ya kuomba. Njia nilikuwa nikiijua.

Jumapili iliyofuata kanisani tulisomewa kitabu cha pili cha Samweli, sura ya tano. Daudi ametawazwa mfalme wa Israeli yote, nao Wafilisti wanajitandaza katika Bonde la Warefai, karibu na Yerusalemu. Daudi anamwuliza Mungu kama apande kuwapiga. Anaambiwa apande, naye anashinda. Baadaye adui wale wale wanarudi katika bonde lile lile. Nani angemlaumu Daudi kama angekwenda moja kwa moja? Lakini aliuliza tena, na jibu likawa tofauti: asiwaendee kwa mbele, azunguke nyuma yao, angoje mpaka asikie mshindo wa hatua juu ya vilele vya miforsadi.

Niliona aibu. Mimi nilikuwa nikitumia jibu la mwaka mwingine kwa ugomvi mwingine. Tena kaka yangu si Mfilisti.

Usiku huo niliomba. Sikusikia sauti yoyote. Lakini swali moja lilikataa kuniondoka: kwa nini amelikodisha? Niliahirisha kwenda kwa wakili, nikazunguka kwa shangazi.

"Mwanangu," akaniambia, "ulidhani mama yako alipasuliwa kwa pesa gani?"

Mimi niliambiwa ni homa tu. Wakati huo nilikuwa nimeachishwa kazi, na mama alimkataza kaka asiniongezee mzigo.

Nilimwendea kaka. Nilimweleza wazi kwamba angenijulisha, naye alikubali kosa. Mimi nilimwambia nilivyokuwa nimepanga kumfikisha kortini. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita mkewe alete chai. Deni lililobaki tuligawana.

Msomaji mpendwa, huenda nawe una kesi na mtu wa damu yako, na haki ni yako. Sisemi uiache. Nasema uliza kwanza, hata kama uliuliza mwaka jana ukajibiwa. Mama yangu yu hai. Ningemwambia nini kama barua ya wakili ingetangulia?