Dogo wa Bariadi na sokwe wa Ngamba

Nyumbani kwa kaka yangu, pembezoni mwa mji wa Bariadi, kulikuwa na tumbili mdogo aliyefungwa kamba kiunoni chini ya mwembe. Watoto walimwita Dogo. Aliletwa na kijana wa jirani akiwa bado ananyonya, baada ya mbwa kumuua mama yake kwenye shamba la viazi vitamu. Wifi yangu alimhurumia, akamnywesha maziwa kwa kijiko mpaka akapata nguvu.

Hakuna aliyemtesa Dogo. Nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya. Alikula vizuri kuliko watoto wengi wa mtaani: ugali, ndizi, michembe, biskuti, na siku za mnada hata soda. Lakini kila nilipokwenda pale nilimkuta akifanya jambo lile lile. Hatua tatu kushoto, kamba inamvuta. Anageuka, hatua tatu kulia. Mkono wake mmoja ulikuwa hauna manyoya, ameyanyofoa mwenyewe. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye ndiye alikuwa rafiki yake mkubwa, alikuwa na jibu moja tu: “Ana njaa, Mama.” Basi Dogo anaongezewa biskuti.

Desemba tulisafiri kwenda Entebbe, Uganda, alikoolewa dada yangu. Nilimwahidi binti kwamba tukifika kwa mama mkubwa tutakwenda kuwaona sokwe watu. Sisi wa Simiyu tuna Serengeti mlangoni na Pori la Akiba la Maswa. Simba na tembo si wageni kwetu, na tembo wengine hutufuata mpaka kwenye mahindi. Sokwe mtu hatuna. Wa kwetu Tanzania wako mbali, Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kutoka Bariadi basi linashuka Lamadi, pale mkoa wetu unapogusa Ziwa Victoria, kisha Magu, kisha Mwanza tukalala. Asubuhi tukavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Mimi niliwahi kuvuka pale kwa kivuko, mtoto mgongoni, nikisubiri foleni chini ya jua. Safari hii kabla sijamaliza kumenya chungwa tulikuwa ng’ambo. Mzazi unayefikiria njia hii, beba hati za kusafiria za familia nzima, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pale mpakani Mutukula si mahali pa kuanza kupekua mabegi.

Baada ya Geita, kuelekea Chato, nilimwonyesha binti upande wa ziwa. Huko ndiko kilipo kisiwa cha Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, Mjerumani yule yule aliyeipigania Serengeti, pamoja na shirika lake la Frankfurt, walishusha pale sokwe watu 17 waliokuwa wamekaa Ulaya, wengi wao kwenye bustani za wanyama. Waliokuwa wamezoea kuletewa chakula kizimbani wakajifunza wenyewe kula matunda ya msituni na kujenga viota juu ya miti. Vizazi vyao vipo mpaka leo, na hakuna anayewapelekea ndoo ya ndizi. Kisiwa kile kina zaidi ya kilomita za mraba 200. Naomba uikumbuke namba hiyo.

Ngamba ni kisiwa kingine cha ziwa hilo hilo, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe. Kwa boti ya kasi ni kama dakika 45, na nakushauri umvalishe mtoto sweta, upepo wa ziwani hauna adabu. Kisiwa kilifanywa makimbilio ya sokwe mwaka 1998. Ukubwa wake ni ekari 100 hivi, ambazo hazifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Karibu chote ni msitu. Watu wana kona ndogo tu, na katikati umepita uzio wa umeme. Upande mwingine uzio ni maji yenyewe, kwa kuwa sokwe mtu hajui kuogelea. Humo wanaishi sokwe kama 50.

Sasa linganisha na Rubondo na utaona tatizo lilipo. Msitu wa ekari 100 hauwezi kulisha sokwe 50. Wakiachwa wajitafutie watakula mpaka magome. Ndiyo maana wanalishwa kila siku, mara kadhaa, na mgeni akipanga vizuri anaona mlo wa saa tano asubuhi au wa saa nane na nusu mchana. Sisi tuliwahi wa mchana.

Walitokea msituni kabla ndoo hazijafika. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu, maana sauti zao zinaanza chini kama mtu anayehema, zinapanda, zinapanda, mpaka kisiwa kizima kinapiga kelele. Wahudumu wakapanda jukwaani na ndoo za papai, tikiti, karoti, kabichi, viazi na parachichi. Hawakumwaga. Walirusha kipande kimoja kimoja, hiki kushoto kabisa, hiki kulia, hiki mbali nyuma ya wengine. Dume mmoja mkubwa alinyoosha mkono juu akadaka papai kama golikipa. Mwingine alijaza karoti mikono yote miwili, nyingine mdomoni, akaondoka akitembea kwa miguu miwili kama mama anayetoka sokoni.

Nilimuuliza mhudumu kwa nini wanahangaika kurusha hivyo. Akanieleza kwamba chakula kikimwagwa mahali pamoja wenye nguvu hula na wanyonge huangalia. Hilo Tanzania tuliliona mapema. Miaka ya 1960 pale Gombe, Jane Goodall aliwawekea sokwe ndizi kambini ili awaone kwa karibu. Ndizi zikawakusanya wengi mno mahali pamoja, ugomvi ukazidi, nyani nao wakaingia kugombea. Ugawaji ule ukapunguzwa, na mwishowe ukaachwa kabisa.

Nikiwa natazama madume, binti yangu alikuwa anamtazama mwingine. Jike mmoja mdogo wa mwili alikuwa amekaa pembeni, hagombani na mtu. Karoti moja ilikuwa imeanguka karibu mno na uzio, upande wetu. Akaondoka, akarudi na kijiti. Akakipitisha chini ya waya kwa uangalifu, akaikosa karoti, akakivunja kijiti kikawa kifupi kidogo, akajaribu tena. Ilimchukua muda mrefu. Alipoipata hakuila mara moja, aliishika kwanza.

“Mbona mhudumu hamsogezei?” binti aliuliza.

Swali hilo ndilo lililonirudisha Bariadi. Sokwe mtu wa porini hutumia karibu nusu ya mchana wake kutafuta chakula na kula. Anapanda, anachagua lililoiva, anapasua, anavua mchwa kwenye kichuguu kwa jani la nyasi, jambo ambalo Goodall aliliona Gombe mwaka 1960. Sasa mchukue huyo, muweke mahali finyu, mletee kila kitu kwenye bakuli. Kwa dakika kumi amemaliza. Saa zilizobaki anazifanyia nini? Anayumba mbele na nyuma. Anazunguka njia ile ile. Ananyofoa manyoya.

“Ananyofoa manyoya?” Binti aliniangalia. Sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo kwenye makimbilio ya namna hii wahudumu wana kazi ya pili baada ya kulisha, nayo ni kumpa sokwe shughuli. Asali hupakwa ndani ya matundu ya gogo ili itolewe kwa kijiti. Karanga hutawanywa kwenye majani makavu. Matunda hugandishwa kwenye barafu. Kamba, matairi na machela hubadilishwa nafasi ili jana isifanane na leo. Chakula ni kile kile, kinachoongezwa ni kazi ya kukipata. Na kuna wenzao. Hapa Ngamba jioni wanarudi kulala ndani, wanapewa uji, na unawasikia wakigombana na kupatana kama wanafunzi wa bweni.

Binti aliuliza mama zao wako wapi. Sikujua kama nimjibu, lakini nilimjibu. Wengi waliletwa wakiwa wadogo, wamekamatwa mikononi mwa wafanyabiashara haramu, Uganda na nchi jirani. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne, mitano, na mama yake hamtoi kwa hiari. Anayemtaka mtoto huua mama kwanza. Baada ya hapo mtoto huyo anahitaji kutunzwa miaka 40, pengine 50. Majike hapa hupewa hata uzazi wa mpango, kwa kuwa nafasi ya kuongeza watoto hakuna. Kwenye boti ya kurudi binti alilala, au alijifanya amelala.

Tuliporudi Bariadi, pamba ilikuwa imeshachipua mashambani. Kaka alitusikiliza, akasema basi jambo rahisi, akate kamba Dogo aende zake. Nikamwambia ngoja. Dogo haogopi mbwa, hajui kundi, na anajua kwamba chakula kinatoka kwa watu. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukaa na mnyamapori bila kibali. Kaka alinyamaza kidogo. Hakupenda kusikia neno sheria nyumbani kwake kutoka kwa mdogo wake. Wifi ndiye aliyesema tumpigie ofisa wanyamapori.

Ofisa alisema atakuja baada ya siku nne. Siku hizo nne watoto hawakumpa Dogo biskuti hata moja. Walifunga karanga zenye maganda ndani ya maganda ya mahindi, wakazisokomeza kwenye nyufa za mwembe, chini ya mawe, ndani ya kopo lililotobolewa. Waliirefusha kamba ili afike matawini. Siku ya kwanza Dogo alikaa akisubiri sahani. Siku ya pili alifungua ganda moja. Siku ya tatu alitafuta tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, na kaka, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake akijifanya anasikiliza redio, aliniita kwa sauti ya chini: “Njoo umwone.”

Ofisa alifika na boksi la mbao lenye matundu. Akatueleza kwamba Dogo atakabidhiwa kwa wenzake wanaojua kuwazoesha tumbili wengine, kisha itaonekana. Hakuahidi zaidi ya hapo, na nilimheshimu kwa hilo. Wifi aliingia jikoni, hakutaka kuona boksi likifungwa.

Binti yangu alikimbilia gari na mfuko wa karanga na maganda makavu ya mahindi. Akampa ofisa kwa mikono miwili, amepiga goti.

“Shikamoo,” alisema. “Usimpe mkononi. Mfichie.”