Wilson ni Mwana wa Nani?

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya mtu anaporithi jina ambalo nuru yake iliwashwa katika nyumba ya wengine. Jina langu la ukoo ni Wilson. Wanachama wenzangu hawachoki kuniuliza inakuwaje mtetezi wa Kiswahili, mzaliwa wa Makongeni, aitwe kama mlowezi. Sasa swali hilo limenikaba koo, kwa kuwa tasnifu yangu ya uzamili inakaribia kujalidiwa na sharti niamue jina litakalochapwa juu ya jalada.

Tuanze na asili yake. Wilson ni jina la Waingereza na Waskoti lenye viambajengo viwili: Will, kifupi cha William, na son, yaani mwana. William lenyewe lilichimbuka katika lugha za kale za jamii ya Kijerumani, likiunganisha dhana za nia na kofia ya vita, nalo lilienea Uingereza baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066. Kabla ya hapo, Waingereza wengi walitumia jina moja tu. Majina ya ukoo yalikita mizizi polepole, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi zilikuwa nayo. Baadhi zilitajwa kwa kazi: Smith ni mhunzi, Taylor ni mshonaji. Nyingine, hasa kaskazini, zilitajwa kwa jina la baba, ndiposa tukapata Wilson, Harrison na Johnson. Mfumo huo si mgeni kwetu: Waswahili wana bin, Wakalenjin wana arap, Wamaasai wana ole. Tofauti ni kuwa kule neno liliganda. Kitukuu cha Will naye akaendelea kuitwa mwana wa Will.

Lilipofika kwetu, jina la ukoo la Mwingereza likageuka jina la ubatizo la Mwafrika. Rais wa kwanza wa Kenya aliwahi kuitwa Johnstone Kamau. Babu yangu alizaliwa Bungoma na kuitwa Wekesa, jina ambalo Wabukusu humpa mtoto wa msimu wa mavuno. Alipobatizwa akawa Wilson. Alipoajiriwa katika reli na kupewa chumba Makongeni, karani aliandika Wilson, na Wekesa akabaki mdomoni mwa nyanya. Baba akaandikishwa shuleni kwa jina hilo, nami nikafuata. Hivyo sisi ni wana wa Will, ilhali katika ukoo wetu hajawahi kutokea William hata mmoja.

Wapo waliolikata shauri hili moja kwa moja. Riwaya ya Weep Not, Child ilipotoka mwaka 1964, mwandishi wake alikuwa James Ngugi. Baadaye akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Nilimweleza baba kuwa nakusudia kufuata nyayo hizo. Hakukasirika. Alisema tu: "Mwanangu, Wilson aliyenilea mimi hakuwa Mzungu. Aliamka saa kumi alfajiri akaenda karakana kwa miguu ili mimi nisome. Ukimfuta huyo, utakuwa umemfuta nani?"

Nimelitafakari jibu hilo nikipita mitaa ya Eastlands. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, kiongozi wa Kenya African Union aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zinamkumbuka Diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Abiria huyataja majina hayo wakilipa nauli ya matatu, aghalabu pasi na kuwawazia marehemu hao. Donholm nako kulikuwa shamba la mlowezi. Leo ni makao ya Wakenya wa kila kabila. Kwa hakika, jina hupata maana mpya kutoka kwa wanaolibeba, lakini lisiposimuliwa humeza historia yao.

Kwa hiyo, sitalifuta Wilson, wala sitaliacha lisimame peke yake. Nimeanza taratibu za kisheria ili jina langu la ukoo liwe Wilson wa Wekesa. Wanasarufi wataona kuwa kihusishi hicho kidogo, "wa", kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na son karne nyingi zilizopita. Atakayelisoma jalada na kuuliza Wilson huyu ni wa nani, hatahitaji kwenda Uingereza kutafuta jibu.